Hadithi bure, riziki pembeni

Mbwa amekaa mezani, kofia ndogo kichwani, kikombe cha kahawa mbele yake. Chumba kizima kinawaka moto na moshi umeshatanda darini, lakini yeye anatabasamu na kusema mambo ni shwari. Kama una simu na umo kwenye kundi lolote la WhatsApp, liwe la ukoo, la kazini au la kwaya, huenda picha hii imeshakupitia: siku umeme ulipokatika, siku timu ilipofungwa la tano, siku mafuta yalipopanda bei. Wengi wanaoirusha hawajui kwamba ni vipande viwili tu vya katuni yenye visanduku sita, na kwamba kufikia kisanduku cha mwisho uso wa mbwa huyo umeyeyuka kwa moto. Wachache zaidi wanajua aliyeichora: Mmarekani KC Green, Januari 2013, katika mfululizo wake wa mtandaoni ulioitwa Gunshow.

Kila picha hiyo inaporushwa, Green hapati hata senti. Julai 2016 chama cha Republican cha Marekani kiliibandika kwenye ukurasa wake wa Twitter kuwakejeli wapinzani wake, na mchoraji akaishia kusema hadharani kuwa angependa waifute. Mwaka huohuo mbwa yule akageuzwa mdoli wa manyoya. Wasomaji waliombwa wachangie utengenezaji wake kupitia Kickstarter, na zikapatikana zaidi ya dola 400,000. Picha iliyoizunguka dunia haikuleta kitu, ila mdoli uliotokana nayo ulileta.

Hivyo ndivyo kazi hii inavyokwenda, na ndiyo maana kuiita kazi ya kuchora ni kusema nusu tu ya habari. Mchora katuni wa mtandaoni asiye na mwajiri anatoa bure kile anachokiweza kuliko watu wote, kisha anaishi kwa kuuza vilivyo pembeni yake: kitabu, fulana, mdoli, nafasi ya kusoma ukurasa wa kesho leo usiku. Aliyekimbia mhariri wa gazeti ili awe huru amejikuta yeye ndiye mhariri, karani, mhasibu, mfunga vifurushi na mtu wa kujibu malalamiko. Bosi wake mpya ni msomaji, na msomaji ni bosi mwenye subira ndogo.

Wapo waliodhani mambo yangekuwa mepesi. Scott McCloud, mchoraji na mwananadharia wa sanaa hii, aliandika mwaka 2000 katika kitabu chake Reinventing Comics kwamba intaneti ingemwezesha msomaji kumlipa mchoraji moja kwa moja, vijisenti kwa vijisenti, bila dalali. Mwaka 2003 akajaribu mwenyewe: hadithi yake The Right Number iliuzwa kwa senti 25 kila sehemu, kupitia huduma iitwayo BitPass. Mapema mwaka 2007 BitPass ikafungwa. Sidhani wasomaji walikuwa mabahili. Kutoa kadi, kujaza fomu na kukumbuka nywila kwa ajili ya robo dola ni tabu inayozidi bei yenyewe. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na watu wakaanza kutumiana hela ndogondogo kwa simu ya kubonyeza. Dawa aliyoitafuta McCloud ilipatikana Nairobi, ila siku ile hakuna aliyekuwa akiwaza katuni.

Njia nyingine ilikuwa matangazo. Ryan North wa Toronto, ambaye katuni yake Dinosaur Comics imetumia michoro ileile ya dinosaria tangu 2003 huku maneno tu yakibadilika (ukikosa mkono wa kuchora, akili inatosha), alianzisha mwaka 2006 mtandao wa matangazo ulioitwa Project Wonderful. Wachoraji walipiga mnada nafasi kwenye kurasa zao, mara nyingi wakitangaziana wao kwa wao. Wasomaji walipohamia Facebook na Twitter, kurasa za wachoraji zikabaki tupu kama gulio siku isiyo ya soko, na mwaka 2018 mtandao huo ukafungwa.

Kilichosimama hadi leo ni mchango wa kila mwezi. Patreon ilianzishwa mwaka 2013 na mwanamuziki Jack Conte pamoja na mwenzake Sam Yam: msomaji anaahidi dola moja, tano au kumi, na pesa inakatwa yenyewe. Wachoraji wengi walipata kwa mara ya kwanza kitu kinachofanana na mshahara. Lakini mshahara ulio mikononi mwa kampuni ya mtu mwingine una yake. Desemba 2017 Patreon ilitangaza kwamba kila ahadi itaongezewa asilimia 2.9 na senti 35 juu yake, alipe mchangiaji. Piga hesabu: aliyeahidi dola moja angelipa dola 1 na senti 38. Aliyekuwa akiwasaidia wachoraji kumi kwa dola mojamoja angeongezewa karibu dola nne. Waliojitoa kwanza ndio hao wa dola mojamoja, na hao ndio msingi wa wachoraji wadogo. Kelele zikapigwa, na baada ya takribani wiki moja kampuni ikaufuta mpango huo na kuomba radhi. Wachangiaji waliokwisha kuondoka si wote waliorudi.

Anayetaka kuona kazi hii kwa uzuri na ubaya wake wote amtazame Rich Burlew. Tangu Septemba 2003 amekuwa akichapisha The Order of the Stick, hadithi ndefu ya mashujaa wa mchezo wa Dungeons & Dragons, iliyochorwa kwa watu wa vijiti: kichwa duara, mikono mistari. Hadithi yote iko wazi mtandaoni, bure. Anachouza ni vitabu. Kufikia mwisho wa 2011 baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vimeisha, na kuchapisha upya ni gharama inayodai fedha kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Januari 2012 akaomba kwenye Kickstarter dola 57,750 za kurudisha kitabu kimoja tu dukani.

Baada ya mwezi mmoja zilikuwa zimechangwa dola 1,254,120 na watu 14,952. Magazeti yaliandika kama habari ya bahati nasibu. Nadhani yaliandika vibaya. Gawanya kiasi hicho kwa idadi ya watu upate wastani wa karibu dola 84 kwa kila mmoja, na mtu anayetoa dola 84 hatoi sadaka, ananunua. Anadai vitabu kadhaa, sumaku za friji, michoro ya mkono, hadithi mpya zilizoahidiwa kila kiwango cha michango kilipovukwa. Sehemu kubwa ya milioni ile ilikuwa imeshaandikiwa pa kwenda: kiwanda cha uchapaji, maboksi, posta ya kwenda kila pembe ya dunia. Mtu aliyezoea kukaa peke yake na kompyuta akawa na deni la karibu watu 15,000, kila mmoja na anwani yake na mchanganyiko wake wa bidhaa.

Septemba ya mwaka huohuo, glasi iliyovunjika ikamkata vibaya mkono anaochorea, kwenye kidole gumba.

Katuni ikasimama. Fedha zipo, wasomaji wapo, hadithi ipo kichwani, ila kidole hakishiki kalamu. Mfanyakazi wa ofisi akivunjika mkono ana likizo ya ugonjwa na ana mwenzake wa kumshikia zamu. Huyu hana mwenzake, maana wanachokipenda wasomaji ni mkono wake mwenyewe, hata kama unachora vijiti. Alipona, akarudi, na hadithi ikaendelea, lakini baadhi ya zawadi alizoahidi wakati ule zilichukua miaka kukamilika. Wachangiaji wake, kwa sehemu kubwa, walisubiri. Wengi wao walikuwa wamemsoma kwa miaka kabla ya kutoa hela, na imani ya namna hiyo haiwezi kuombwa na mtu aliyefungua ukurasa mwezi uliopita.

Imani hiyo hujengwa kwa ratiba. Hapa simjui anayemfikia Howard Tayler wa Utah. Alianza Schlock Mercenary, vichekesho vya askari wa kukodiwa angani, tarehe 12 Juni 2000, akiwa bado ameajiriwa kwenye kampuni ya programu za kompyuta ya Novell. Michoro yake ya mwanzo, tuseme ukweli, ilikuwa mibaya. Ila ilitoka kila siku. Jumatatu hadi Jumapili, Krismasi, siku ya homa, siku ya safari, mpaka Julai 2020 alipoifunga hadithi: miaka ishirini bila kuruka hata siku moja. Mwaka 2004 aliacha ajira na kutegemea katuni peke yake. Siri aliyoieleza mara nyingi ni akiba. Mchoraji wa namna hii hachori leo katuni ya leo. Anachora ya wiki kadhaa zijazo, ili mtoto akiugua au wazo likikwama, msomaji asijue. Akiba ikishuka hadi siku tatu, nyumba nzima inajua.

Na nyumba nzima si usemi tu. Mke wake, Sandra Tayler, ndiye aliyeshika biashara: hesabu, mpangilio wa vitabu, oda na usafirishaji. Ukichunguza wachoraji wengi walioweza kuishi kwa katuni zao utamkuta nyuma yao mwenza mwenye mshahara, bima au kichwa cha hesabu. Makala za kusifia vipaji huwa haziwataji, na kijana anayezisoma anabaki akijiuliza mbona yeye peke yake hawezi.

Kazi yenyewe ya kuchora, ukiikaribia, ni ya polepole kuliko msomaji anavyodhani. Chukua ukurasa mmoja wa visanduku sita. Kwanza maneno: mazungumzo yanaandikwa, yanapunguzwa, yanapunguzwa tena, kwa sababu puto lenye mistari mitano linafunika uso wa msemaji. Sentensi zetu za Kiswahili, zenye vitenzi virefu visivyokatika vizuri, zinadai puto pana, na nafasi yake lazima ipangwe kabla ya kuchora watu. Kisha vijipicha vidogo kama stempu, kujua nani asimame wapi. Kisha rasimu, mara nyingi kwa rangi ya buluu hafifu, kwenye tabaka la chini la programu. Juu yake tabaka jipya la mistari ya mwisho, jingine la rangi, jingine la vivuli, jingine la maneno. Mstari mmoja wa shavu unafutwa na kurudiwa mara kumi, ndipo msomaji anaupita kwa nusu sekunde.

Anayetumia tableti ya bei nafuu isiyo na kioo ana mtihani wa ziada: mkono unachora mezani, macho yako kwenye skrini, na ubongo unachukua muda kukubali kwamba vitu hivi viwili ni kimoja. Vijana wengi wa kwetu wala hawafiki huko. Wanachora kwa kidole kwenye simu, kwa programu kama ibisPaint, na baadhi yao wanachora vizuri kiasi cha kumtia haya mwenye kompyuta ya milioni tatu.

Lakini simu ina mtego ambao hauonekani mpaka siku ya kuchapisha. Webtoon, jukwaa la Wakorea linalosomwa kwa kutelezesha kidole kutoka juu kwenda chini, linapokea picha zenye upana wa nukta 800. Kwenye simu zinapendeza. Mchapaji wa vitabu anataka nukta 300 kwa kila inchi. Gawanya: kurasa zako, ulizozichora miaka miwili, zinatoka kitabuni zikiwa na upana usiofika sentimita 7, chini ya kadi ya benki. Ukizitanua zinakuwa ukungu. Tena ile buluu kali na ile kijani inayong'aa kwenye kioo haipo kabisa kwenye wino; karatasini inatoka imefifia. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kitabu, kuanza na faili dogo ni kujifungia mlango wa duka kwa ndani. Mwenye uzoefu anachora ukurasa wa A4 kwa nukta 2,480 za upana au zaidi, kisha anaupunguza kwa ajili ya mtandao.

Webtoon hiyohiyo imetajirisha watu. Inaendeshwa na kampuni ya Naver, iliyoanza mfumo huo Korea Kusini mwaka 2004 na kuuleta kwa Kiingereza mwaka 2014. Mkataba wake unampa mchoraji malipo ya uhakika, ila sura mpya ya rangi kamili inatakiwa kila wiki, na sura moja huweza kuwa na visanduku sitini au zaidi. Julai 2022 alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo Jang Sung-rak, aliyejulikana kwa jina la DUBU, mchoraji wa Solo Leveling, kazi ya jukwaa jingine la Korea. Alikuwa na miaka 37. Alikuwa na maradhi ya muda mrefu, na kazi yake ilikuwa ya studio, kwa hiyo si haki kusema ratiba ndiyo iliyomuua. Hata hivyo kifo chake kiliwafanya Wakorea waulize hadharani mwili wa binadamu unaweza kuchora kiasi gani kwa wiki. Mchoraji anayejitegemea hana hata wa kumuuliza swali hilo. Ganzi ya vidole, kiwiko kinachochoma na shingo iliyokakamaa ni mambo ya kawaida kwenye kazi hii, na wengi hupumzika pale tu mkono unapogoma.

Wizi nao umebadilika sura. Zamani mtu alikata sahihi pembeni ya picha na kuibandika kwake. Sasa mashine inameza mtindo mzima. Sarah Andersen, mchoraji wa Sarah's Scribbles, yule msichana mwenye macho makubwa na nywele timutimu, alifungua kesi mahakamani California Januari 2023 pamoja na Kelly McKernan na Karla Ortiz, dhidi ya Stability AI, Midjourney na DeviantArt. Wanadai michoro ya wasanii ilitumika kuzifundisha programu za kutengeneza picha bila ridhaa wala malipo. Mtindo wa Andersen ni mistari michache sana. Ilimchukua miaka kuifikisha kwenye uchache huo.

David Revoy wa Ufaransa ameshika njia ambayo wenzake wengi wanaiona ya wazimu. Tangu 2014 anachora Pepper&Carrot, hadithi ya mchawi mdogo na paka wake, kwa programu huria ya Krita, na leseni aliyoiweka inamruhusu yeyote kuinakili, kuitafsiri, hata kuiuza, mradi amtaje. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya vitabu ya Glénat ikaichapa bila kulazimika kumlipa mrabaha. Wapo waliomhurumia. Yeye akasema amefurahi, na Glénat wenyewe wakajiunga kuwa wachangiaji wake. Wasomaji wanaochangia kila sura mpya ndio wanaomlisha, na kwa kuwa hakuna kilichokatazwa, hana cha kuibiwa isipokuwa jina.

Je, mtu anaweza kufanya hivyo Tabora au Kisumu? Usomaji si tatizo. Watu waliokulia kwenye jarida la Sani, wakimfuata Ndumilakuwili na Lodi Lofa, waliokata vipande vya Kingo wa James Gayo, au waliomsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo, hawahitaji kufundishwa kupenda katuni. Wachoraji nao wapo. Tatizo ni njia ya hela. Orodha ya nchi ambazo Kickstarter inamruhusu mtu kuanzishia mchango haina Tanzania wala Kenya. Mchango wa dola unaopitia benki mbili na mbadilisha fedha mmoja unafika umekonda. Kilichobaki ni kuweka namba ya simu chini ya picha na kuomba, jambo ambalo msanii mwenye staha hulifanya mara moja au mbili, kisha linamkaa kooni. Na mara nyingi picha ikishaingia WhatsApp, namba hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kwa hiyo wengi wana kazi nyingine. Masoud Kipanya, ambaye panya wake anajulikana Tanzania nzima, amekuwa pia mtangazaji wa redio, na sioni aibu ndani yake. Wasio na redio wana vipeperushi: bango la chanjo, kijitabu cha haki za ardhi, mabango ya semina, nembo ya duka la vifaa vya ujenzi, fulana za harusi. Malipo yake ni ya mkupuo na yanaeleweka, na shirika lililochelewa kutumia bajeti halibishani bei. Katuni ya mchoraji mwenyewe, ile yenye wahusika aliowabuni akiwa kidato cha pili, inapata Jumamosi usiku. Ukiona sura mpya hazitoki mwezi Novemba na Desemba, usidhani ameishiwa hadithi. Mashirika yanafunga mwaka, na yeye anachora vyandarua.